Kilimanjaro Wakati wa Masika

“Mnakwenda kupanda mlima wakati wa mvua? Hamkuona mwezi mwingine?” Ndivyo walivyotuuliza jirani zetu wa Lubumbashi, waliposikia kwamba mimi na kijana wangu tunafunga mizigo kwenda Kilimanjaro katika mwezi wa tano. Hata mama watoto alicheka, akasema, “Baba, watu wote wanakimbia mvua, nanyi mnaifuata!”

Wasomaji wapenzi, maneno yao yalikuwa na haki yake. Lakini tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni fedha. Tulikuwa tumeweka akiba kwa miaka miwili, nayo haikutosha kwa bei ya miezi ya kiangazi. Wakati wa mvua wageni huwa wachache, na kampuni kadhaa za kupandisha watu hupunguza malipo. Ya pili ni utulivu. Tulitaka kuuona mlima wenyewe, wala si migongo ya watu waliotutangulia njiani. Leo napenda kuwasimulia mambo tuliyoyaona, na jambo lililotupata usiku ule wa nne, ili mwenye nia ya kwenda kama sisi apime vema kabla ya kuondoka.

MLIMA NA MAJIRA YAKE

Kilimanjaro uko kaskazini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya, tena si mbali na Ikweta. Ni mlima wa moto wa kale wenye vilele vitatu: Kibo, Mawenzi na Shira. Kilele cha Kibo kinachoitwa Uhuru kina urefu wa meta 5895, wala hakuna mahali palipo juu zaidi katika bara lote la Afrika. Sisi wa Kongo tunajivunia Ruwenzori, na ni haki yetu, maana kilele chake cha Margherita, kilicho mpakani mwa Kongo na Uganda, kina meta 5109. Lakini mtu akisimama juu ya Margherita bado yuko chini ya Uhuru kwa karibu meta 800.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Mwaka 1987 UNESCO iliuandika mlima huu katika orodha ya urithi wa dunia. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu wa mataifa yote huja kuupanda. Wengi wao huja katika nyakati mbili: tangu mwezi wa saba hata wa kumi, na tena tangu Noeli hata mwezi wa pili. Hiyo ndiyo miezi mikavu. Masika, yaani mvua kubwa, hunyesha tangu mwezi wa tatu hata wa tano. Na mvua ndogo za vuli huja mwezi wa kumi na moja na kuendelea hata mwanzo wa wa kumi na mbili.

Tusidhani lakini kwamba miezi mikavu haina hatari zake. Katika mwezi wa kumi mwaka 2020, moto uliwaka katika vichaka vilivyo juu ya msitu, ukateketeza zaidi ya kilometa za mraba 90, na mamia ya watu walipanda kuuzima. Basi kila majira yana taabu yake. Mwenye akili huchagua taabu anayoweza kuichukua.

SAFARI YA KUFIKA

Tulipita Kasumbalesa, tukavuka nchi ya Zambia, tukaingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma. Kutoka hapo tulishika njia ya Dar es Salaam, kisha tukapanda basi la kwenda Moshi. Ni mwendo mrefu sana, na kiuno changu kinaukumbuka hata leo. Pasipoti zilitazamwa kila mpaka, na pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho watu watokao nchi yetu hawawezi kukosa.

Kule Tanzania tulijifunza mara adabu ya mahali. Kwetu tunasema “Jambo,” na mambo yamekwisha. Kwao kijana humwamkia mkubwa “Shikamoo,” naye hujibu “Marahaba.” Kijana wangu alisahau mara mbili, akaonekana kama mtoto asiyefunzwa nyumbani. Mara ya tatu hakusahau tena. Kiongozi wetu, mtu wa makamo aliyezaliwa huko huko mlimani, alifurahi mno kusikia kwamba tunasema Kiswahili, hata kama Kiswahili chetu cha Katanga kilimchekesha. “Wageni wangu wengi,” akasema, “hunena nami kwa lugha za Ulaya, na wapagazi hukaa kimya siku sita. Leo tutazungumza sote.” Na kweli tulizungumza.

Sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kupanda peke yake. Ni lazima awe na kiongozi mwenye kibali. Tulichagua njia ya Marangu, kwa maana hiyo ndiyo njia yenye nyumba za mbao za kulala. Katika njia nyingine watu hulala hemani, na hema katika masika ni jambo la kufikiri mara mbili. Iko pia njia ya Rongai, upande wa kaskazini. Huko mvua ni kidogo, kwa sababu mlima wenyewe huzuia mawingu ya kusini; kwa hiyo viongozi wengi huwashauri watu wa masika kuipitia.

MIGOMBA, KAHAWA NA MSITU

Kabla ya kufika mlangoni mwa hifadhi, njia hupita katika mashamba ya Wachaga. Loo, ni uzuri ulioje! Migomba imesimama bega kwa bega, chini yake mibuni, na chini ya mibuni maharage na mboga. Kati ya mashamba hupita mifereji ya maji, kazi ya mikono ya wazee wao tangu kale, kabla ya Wazungu kuja. Katika mlima huu mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema yapata mwaka 1890, nao walikuwa katika watu wa kwanza kupanda kahawa hapa. Wachaga waliishika kazi hiyo kwa bidii. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama cha ushirika ambacho jina lake, KNCU, linajulikana hata leo.

Mlango wa Marangu uko yapata meta 1870 juu ya bahari. Kiongozi alituambia kwamba katika mwezi wa nane watu hupanga mstari hapo asubuhi kuandikwa majina. Siku ile tulikuwa sisi wawili, na mume na mke kutoka Ujerumani, basi. Mizigo ya wapagazi ilipimwa kwenye mizani, kwa kuwa sheria inakataza mpagazi kubeba zaidi ya kilo 20. Nilipenda kuona sheria hiyo ikifuatwa mbele ya macho yangu.

Tuliingia msituni, na mvua ikaingia pamoja nasi. Haikuwa mvua ya radi kama ile ya kwetu, inayopiga na kupita. Ilikuwa mvua ya polepole, isiyo na haraka, kama mgeni aliyekusudia kulala. Miti mirefu ilivaa ndevu za kuvu. Vijito vilipiga kelele kila upande. Mbega walituchungulia kutoka matawini, weusi wenye mikia mieupe, nao walikuwa wameloa kama sisi. Kando ya njia kiongozi alituonyesha ua dogo jekundu na la manjano, lenye umbo kama pembe ndogo. Aina ile haioti mahali pengine po pote duniani ila katika mlima huu.

Hapo nilijifunza somo la kwanza la masika: kila kitu kilichomo mfukoni sharti kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwanza. Nilikuwa nimezifunga nguo za kulalia, soksi nilizisahau. Usiku ule katika nyumba za Mandara, kwenye meta 2720, nilizianika soksi zangu juu ya kamba, na asubuhi zilikuwa majimaji vilevile. Kitu kikiloa wakati wa masika, usitumaini kwamba kitakauka.

JUU YA MAWINGU

Siku ya pili tulitoka msituni, tukapita katika vichaka, na ukungu ukatufunika hata nisiweze kumwona kijana wangu aliyekuwa hatua kumi mbele yangu. Kiongozi alitembea polepole mno. “Pole pole,” alirudia, na kila nilipotaka kumpita alinyosha mkono wake pembeni kama kizuizi cha njia ya reli. Hata alasiri, tulipokaribia nyumba za Horombo kwenye meta 3720, ghafula tukatoka juu ya mawingu. Chini yetu ilikuwa bahari nyeupe isiyo na mwisho. Juu yetu Mawenzi, mweusi, wenye meno kama msumeno. Na upande wake Kibo, mweupe kabisa kwa theluji iliyoanguka usiku.

Nyumba za Horombo hujaa watu miezi ya kiangazi. Siku zile tulikula katika chumba kikubwa chenye meza nyingi tupu. Tulikaa huko siku moja zaidi ili miili izoee hewa nyembamba, tukatembea katikati ya mimea ya ajabu: miti minene yenye kichwa cha majani kama kabichi kubwa, ikivaa majani makavu shinani kama koti la baridi, na lobelia, ambazo hufunga majani yao usiku zisiumwe na baridi kali.

Ndipo nilipozungumza na mpagazi mmoja, kijana wa rika moja na mwanangu. Nikamwuliza kama mvua haimchoshi.

“Mzee,” akajibu, “mvua ni baraka kwa migomba, lakini si baraka kwa mfuko. Katika miezi ya wageni wengi napanda mara mbili au tatu kwa mwezi. Tangu mwezi wa tatu hata leo, hii ndiyo safari yangu ya kwanza. Nyumbani nina mama, na wadogo zangu wawili wanasoma. Madaftari na sare za shule hazingoji kiangazi.”

Maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimefikiri kwamba sisi, watu wa bei iliyopunguzwa, tulikuwa wageni wasio na maana sana. Kumbe kwa kijana huyu sisi ndio tuliovunja miezi miwili ya kukaa bure. Nikakumbuka pia kwamba bei ikipungua, mara nyingine hupunguzwa kwa kukata ujira wa mtu wa chini kabisa. Kwa hiyo msomaji anayetafuta bei nafuu ni lazima aulize wazi: wapagazi watalipwa kiasi gani, watakula nini, watalala wapi, na wana makoti ya mvua? Swali hilo haligharimu kitu, nalo huokoa watu.

USIKU WA KIBO

Siku ya nne tulivuka uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo. Hakuna mti, hakuna kijito. Mawe, mchanga na upepo tu. Tulifika nyumba ya Kibo, kwenye meta 4700 na zaidi, jua likiwa bado juu. Desturi ni kulala mapema, kuamka usiku wa manane, na kupanda kwa taa mpaka alfajiri. Hapo hewa ni chache. Kule kileleni mtu akivuta pumzi hupata karibu nusu tu ya hewa ya uhai anayoipata ufukoni mwa bahari.

Kijana wangu hakula chakula cha jioni. Alisema ni uchovu. Saa tatu za usiku alitapika. Alisema ni supu. Tulipoamshwa kuvaa, nilimwona akihangaika na viatu vyake, kama mtoto anayejifunza kufunga kamba. Theluji ilikuwa ikianguka nje. Kiongozi alimtazama kwa taa, akamwuliza kama kichwa kinamwuma.

“Kidogo tu,” akajibu.

Kiongozi akachora mstari sakafuni kwa ncha ya fimbo yake, akamwambia atembee juu yake, kisigino mbele ya kidole. Kijana alikwenda hatua tatu, akayumba, akashika ukuta.

“Mzee,” kiongozi akaniambia kwa sauti ya chini, “huyu hapandi. Hashuki kesho, anashuka sasa. Ugonjwa huu wa mwinuko haumtazami mtu mwenye nguvu wala kijana. Maji huweza kujaa katika mapafu, au ubongo huvimba, na mtu hufa kabla ya mchana. Dawa yake ya hakika ni kushuka. Tena usiku huu kuna wingu na theluji; helikopta haiwezi kuruka. Akishindwa kutembea, tutambeba kwa machela ya gurudumu moja, na njia inateleza. Afadhali ashuke akiwa bado ana miguu.”

Mwanangu alianza kulia, naye si mtu wa kulia. “Baba, tumeweka akiba miaka miwili! Niliwaahidi wenzangu picha ya kileleni. Niache nijaribu mpaka nusu ya njia.”

Nami, wasomaji, niwaambie kweli: kwa muda wa dakika moja nilitaka kumkubalia. Fedha zilikwisha lipwa, nazo hazirudi. Kisha likaja wazo jingine, baya kuliko la kwanza. Kiongozi alisema kwamba msaidizi wake anaweza kumshusha kijana pamoja na mpagazi mmoja, na mimi, niliye mzima, niendelee naye. Kichwa changu kilikuwa chepesi. Miguu yangu ilikuwa tayari. Sikuwa na umri wa kurudi tena. Nilisimama mlangoni nikiitazama njia ya kupanda; haikuwa na taa hata moja, maana wale Wajerumani walikuwa bado wanavaa viatu. Labda katika mwezi wa nane, ningaliona mstari wa mamia ya taa ukipanda gizani, ningalivutwa nao. Usiku ule hakuna kilichonivuta ila moyo wangu mwenyewe.

Nilifunga mfuko wangu, nikamwambia kiongozi, “Tunashuka sote.”

Tulishuka kilometa kama kumi katika giza. Yule mpagazi wa Horombo aliuchukua mfuko wa mwanangu juu ya mzigo wake, akatangulia na taa, akihesabu hatua kwa sauti ili mgonjwa amfuate. Hakuna aliyemwagiza. Mara tatu kijana alikaa chini na kusema hawezi. Mara tatu tulimwinua. Tulipofika kama meta 4000 alinyamaza, nikaogopa. Kumbe alikuwa amenyamaza kwa sababu maumivu yamepungua. Alfajiri, katika Horombo, aliomba uji, akanywa vikombe viwili.

TULICHOKIONA

Jua lilipotoka, mawingu yalipasuka. Kibo ulisimama mbele yetu mweupe tangu kilele hata mabegani. Mjumbe wa injili Mjerumani, Johannes Rebmann, aliuona mlima huu kwa mbali tarehe 11 mwezi wa tano mwaka 1848, nao wataalamu fulani wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba pana theluji karibu na Ikweta. Nasi tuliuona katika mwezi ule ule.

Lakini kiongozi alitikisa kichwa. “Msidanganyike,” akasema. “Hiyo ni theluji ya masika, nguo ya siku chache. Barafu ya kale inakwisha.” Ndivyo wanavyosema wataalamu pia. Kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa kiasi cha asilimia 85, na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba huenda ikatoweka yote kabla ya mwaka 2050. Yule anayeuona mlima mweupe wakati wa mvua anaona sura yake ya zamani kwa kitambo kidogo.

Siku ile ile wale mume na mke Wajerumani walirudi kutoka juu. Mume alifika kileleni. Mke aligeuka njiani. Waliona ukungu tu. Mwanangu aliwapongeza kwa mkono wake, wala sikuona wivu machoni pake.

MASHAURI KWA WATAKAOKWENDA

Mwenye kutaka kwenda wakati wa masika ayashike haya. Avae viatu visivyopitisha maji, alivyovizoea nyumbani, na koti la mvua lililo imara. Afunge nguo kavu mara mbili. Achague njia ya siku sita au zaidi, wala si tano, kwa maana siku ya kuzoea hewa ni bora kuliko dawa. Anywe maji mengi hata kama haoni kiu. Amwambie kiongozi kweli juu ya kichwa chake na tumbo lake. Anayeficha ugonjwa mlimani anajichimbia shimo. Tena raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa mbali. Na kwa kuwa Kongo imeingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, yafaa kuuliza mapema ni karatasi gani zinazotakiwa. Mwisho, aweke kando bakshishi ya wapagazi kabla ya kuondoka nyumbani, aihesabu kama nauli, wala isiwe makombo ya safari.

Tulipofika mlangoni, mvua ilikuwa ikinyesha bado. Mpagazi wetu alipokea ujira wake na bakshishi, akavifunga katika karatasi ya plastiki kama nilivyofunzwa kufunga soksi. Mwanangu alivua koti lake la mvua, lililo jipya, akampa. Wakashikana mikono muda mrefu.

Nyumbani jirani walituuliza, “Je, mlifika juu?” Mwanangu akajibu kabla yangu, “Hatukufika. Baba alikuwa anaweza, lakini alishuka nami.” Mama watoto hakusema neno. Aliondoka akaenda kutuletea chakula.